Gesi Niliyokataa Kuificha

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe na wote mlio hapo Kathiani. Goti lako linaendeleaje? Na mahindi, mvua imeyapata au yamekauka yakianza tu kuchanua? Mimi mwili uko sawa, ila moyo umechoka.

Barua yako ilinifikia Jumanne. Unasema Kioko, mwana wa mjomba, alipiga simu huko akawaambia nimeshushwa cheo kwa kumjibu mkubwa wangu vibaya, na sasa unaniagiza nimwombe radhi. Mwaitu, Kioko yuko Amerika hii lakini anakaa mbali nami, safari ya siku mbili kwa basi. Hakuwepo. Wacha nikueleze mwenyewe.

Hapa wanatoboa ardhi mpaka kwenye mwamba wa chini kabisa, kisha wanasukuma maji, mchanga na dawa kwa nguvu hadi mwamba upasuke na kuachilia gesi. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka visimani na chombo cha kuinusa, maana gesi hiyo haina rangi wala harufu. Chombo kikilia, nafunga utepe mwekundu kwenye valvu, ile koki ya bomba la gesi, na kuandika kitabuni, ili mafundi waje kutengeneza.

Valvu moja iko nyuma ya nyumba ya mama mjane, hatua chache kutoka chumba anacholala. Wiki tatu mfululizo chombo kililia hapo. Nafunga utepe, nikirudi nakuta umekatwa. Nikamuuliza msimamizi.

"Ni mimi nimeukata," akasema. "Kutengeneza hiyo ni kusimamisha kisima kizima. Andika sufuri, weka sahihi."

"Lakini inavuja."

"Unaiona?"

"Siioni. Chombo kinaisikia."

"Basi chombo ni kibovu."

Niliweka kitabu mezani bila sahihi. Hayo ndiyo majibu mabaya niliyompa. Sikupaza hata sauti. Kesho yake nikapewa brashi na mpira wa maji, nioshe malori.

Wiki hiyo hiyo walikuja wageni wenye suti kutuambia kwamba siku moja moshi wa viwanda utafukiwa chini ya ardhi, ukae huko milele. Msimamizi alipiga makofi. Nikajiuliza, kama valvu ya hapa juu, ambayo naishika kwa mkono, imetushinda, huo moshi wa chini atauchunga nani?

Jumamosi nilienda kwa yule mjane, nikamwambia asiwashe moto upande wa nyuma. "Mbona wao waliniambia iko sawa?" akauliza. Nikamweleza jinsi chombo kilivyolia wiki tatu. Akaandika malalamiko, nami nikatia jina langu kama shahidi. Mafundi wakaja, wakatengeneza hiyo moja tu. Zingine bado zinavuja. Wenzangu sasa wanakula meza yao, mimi yangu; wanasema nitawafungia kazi.

Chombo changu amepewa mwingine. Anaandika sufuri kuanzia asubuhi hadi jioni, na wanamsifu.

Kwa hivyo usinitume tena kuomba radhi, Mwaitu. Nitakutii kwa mengine yote, hili hapana.

Nisalimie dada Nduku, mwalimu wetu wa Mumbuni, na shangazi wa Kangundo pamoja na wajukuu wake. Niombeeni.

Ni mimi mwanao,
Mutua