Cherehani Alijaza "Rafiki"

Mwenzangu, acha unachofanya. Mama Saluni ametutoka.

Na Cherehani hakumwona! Miaka ishirini na sita wanagawana duka moja, huyu anashona, yule anasuka, halafu hakumwona.

Mlangoni mwa wodi alipewa fomu: wewe ni nani wa mgonjwa? Nikamnong'oneza, "Andika dada, nani atajua?" Akanikata jicho. "Dada unapewa. Huyu nilimchagua mwenyewe." Akaandika rafiki, tena kwa herufi kubwa.

Nesi akasoma. "Rafiki asubiri nje, mama. Wanaingia ndugu tu."

Rafiki asubiri nje! Bado sauti ile iko masikioni mwangu.

Kwenye benchi alikuwapo yule mwalimu mstaafu wa Kiingereza, anayepunguziwa suruali na Cherehani. Akambembeleza: "Neno la Waingereza la rafiki lilitokana na kupenda. Rafiki ni yule anayependa, basi. Na kwa jamaa zao wa kaskazini, kule Skandinavia, neno hilohilo likawa na maana ya ndugu."

Cherehani akafuta macho. "Mwalimu wangu, hayo kamwambie nesi."

Ndipo akafika dada wa damu wa Mama Saluni, ambaye walikuwa hawajasemeshana miaka tisa. Akaandika dada, akapita.

Haikuchukua dakika kumi akatoka, uso umemshuka. "Amekata roho. Muda wote alikuwa ananiuliza, 'Cherehani yuko wapi?' Huyo Cherehani ndiye nani?"



Cherehani akasimama, kalamu ya watu bado mkononi. "Ni mimi," akasema. "Rafiki yake."