Mkono wa Mama

Shoga, uko? Usipige simu, mama yuko karibu, atasikia.

Chemchemi yetu imekwenda. Imekwenda, na aliyeipeleka ni mama!

Unajua wiki nzima alivyozunguka nyumba kwa nyumba: "Kikaoni nitazameni mimi. Mkono wangu ukipanda na yenu ipande, wasije wakasema napinga peke yangu." Na mama akisema, mtaa huu nani anabisha?

Basi leo mwenyekiti kasoma mradi wa kuifukia chemchemi wajenge maegesho ya malori. Mimi na mama tuko mbele, wenzetu wote nyuma, kipaza sauti kinakoroma, huko nyuma hawaambulii kitu. Mama akaona asichelewe, akanyoosha mkono aombe kuongea. Papo hapo, shoga, PAPO HAPO mwenyekiti anauliza, "Wanaoafiki mradi?"

Nageuka nyuma. Ukumbi mzima mikono juu!

Mama akaruka: "Jamani shusheni! Shusheni!" Wao wakadhani anawahimiza, wakanyoosha na ya pili. Mwenyekiti akacheka, "Mama, wananchi wameamua."

Wananchi wameamua! Na makofi wakapiga!

Sasa yuko jikoni, kaukalia mkono wake wa kulia kama mtoto aliyekamatwa akiiba sukari. Hali, hanywi. Nimemwambia tutakata rufaa, ndiyo kwanza kaukalia zaidi.

Na sasa hivi kaingia jirani, yule fundi cherehani, katoka chemchemini kuchota maji, ndoo bado inachuruzika. Uso wote meno. "Mama, leo tumewakomesha!"

Shoga, nani atamwambia?