Mkwe Haguswi

Jumapili, 3 Agosti 2025

Amekuja kanisani! Na viatu vya mbio. Nasambu kamkalisha safu ya nyuma, halafu baada ya ibada ananiambia, "Mama, Muthama yuko nje, anakusalimia." Nikamwambia binti yangu salamu zimefika. Nikatokea mlango wa upande.

Mwanamume mzima, kazi yake kufundisha watu wa mtaa wa Fedha kujinyoosha kwenye mikeka. Yoga! Mchungaji alishasema hiyo kitu ina mapepo. Yawepo yasiwepo, mimi simtaki. Kuna Mukhwana, mtoto wa kwetu Bungoma, karani, ana adabu zake, ameniulizia habari za Nasambu mpaka amechoka. Wapi! Msichana kapenda Mkamba wa mikeka.

Tarehe ishirini na tatu watu wake wanakuja kuposa. Hapa hapa kwangu Kariobangi. Kaka yangu Lusweti ameshakubali kuwapokea. Hakuna aliyeniuliza mimi niliyembeba tumboni.

Jumanne, 5 Agosti

Leo sokoni nimeuza dagaa wa omena na hasira. Wateja wamenikimbia. Jecinta wa kibanda cha pili akauliza nani amenikanyaga. Nikamweleza — akacheka, mwanamke huyu! Kumbe hata yeye huenda huko kwa yoga, ati mgongo. Na tarehe kumi na sita wanapanda mlima huko kwao Muthama. Juu kuna kuta za mawe za watu wa kale, magofu matupu. Wanajinyoosha humo ndani, kisha wanashuka. Watu wana wakati!

Akasema Muthama anafundisha vizuri. Ukikosea anakuja mwenyewe, anakushika kiuno, anakunyoosha.

Anakushika!

Ugali umenipoa mbele yangu nikilifikiria hilo neno. Kwetu Bungoma mama na mkwe wake hawapeani mkono. Hawali pamoja. Akija na njia hii, wewe unashika ile. Na Lusweti kwa mambo ya mila ni chuma. Muthama akinishika kiuno, hata kwa bahati mbaya, posa imekufa. Lusweti mwenyewe atawarudisha waposaji mlangoni. Mimi sitagombana na mtu. Nitakaa tu na leso yangu nikisikitika.

Naenda yoga.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimemwambia Nasambu nitapanda mlima nao. Alinirukia shingoni. Akalia! Ati Mungu amenilegeza moyo. Nikamwacha aamini hivyo.

Jumamosi, 9 Agosti

Mazoezi Fedha, juu ya paa la flati, katikati ya matangi ya maji na nguo za watu. Vijana wananiita mathe. "Sasa mathe!" Mathe wa nani? Nilivaa suruali ya Nasambu chini ya rinda. Nikachagua mkeka wa mbele kabisa.

Akasema tuiname. Nikainama vibaya. Makusudi. Goti huku, mgongo huko. Jecinta alishikwa kiuno. Bwana mmoja mnene alishikwa mabega. Mimi? Akapita mbali kama nimepakwa rangi mbichi! Akasema bila kunitazama, "Nasambu, mwangalie mama, goti lake." Nikajiangusha. Kabisa, pu! Akaenda kwenye matangi, akasimama huko akitazama ndege za Embakasi mpaka wanawake waliponiinua.

Nimevimba paja. Mjanja huyu.

Jumatano, 13 Agosti

Tumegombana. Nasambu alisema, "Si umeona anavyokuheshimu? Hata kwao hiyo mila iko, Mama. Wanaiita nthoni." Nikamwambia asinifundishe heshima, mimi ndiye nilimfundisha kutembea. Akasema hata nikikataa atahamia kwa Muthama, lakini angependa kutoka kwangu na baraka. Alisema polepole. Afadhali angepiga kelele.

Baadaye nikamsikia akifua sare yake ya kazi huku anaimba. Nyumba hii ina vyumba viwili na sauti moja tu ya kuimba. Akienda nitabaki na redio. Naogopa. Haya, nimeandika.

Na bado simtaki huyo mtu.

Jumamosi, 16 Agosti

Niko mlimani. Naandika nikiwa nimekwama. Shajara siiachi nyumbani, Nasambu ana macho.

Tulifika juu jua likiwa kali. Magofu yenyewe ni kuta za mawe yaliyopangwa bila simiti, nyingine zinanipita urefu, nyingine zimelala. Wakatandika mikeka ndani. Wakapumua. Watu wazima wanapumua kwa zamu! Nilikosea kila kitu, na kila nilipokosea alimtuma Nasambu. Wakamaliza. Wakaenda upande wa pili kupiga picha. Jecinta akalalamika tumbo, Nasambu akampeleka vichakani.

Nikaona Muthama amebaki anakunja mikeka. Peke yake. Nikasema ni sasa.

Nikapanda ukuta. Mwanamke wa rika langu! Nilitaka nifike juu, nipige kelele, alazimike kunishusha kwa mikono yake. Basi jiwe likateleza. Nikaingia mpaka gotini kati ya mawe, mguu ukashikwa, na jiwe kubwa la juu likaanza kuja taratibu kifuani kwangu. Nikapiga kelele — hizo hazikuwa za kuigiza.

Alikuja mbio. Nikajua ananishika, kwisha. Hakunishika. Aliingia kati yangu na jiwe, akanipa mgongo, akalizuia jiwe kwa mikono na kifua, akazika miguu ardhini. Jiwe likasimama.

Hajageuka mpaka sasa. Na haongei na mimi. Anaongea na ukuta! "Wewe ukuta, muulize mama kama mguu umevunjika." Nikauambia ukuta hapana, umebanwa tu. Nami nimejibu! Hivi ndivyo marehemu baba alivyokuwa akiongea na nyanya, mama mkwe wake, kila mmoja akiuambia mlango. Nani alimfundisha mtoto wa mikeka?

Kisha akasema, "Ukuta, mwambie mama siwezi kuliacha jiwe nikaite watu. Na nikigeuka kumtoa nitamgusa, nami najua posa itakuwa imeisha. Lakini akisema nigeuke, nitageuka. Mguu wa mama kwanza."

Nikatoa shajara kwenye mfuko.

Hiki ndicho nilichokitaka! Neno moja tu. Geuka. Nitarudi Kariobangi na binti yangu, na Lusweti atamaliza mengine. Neno dogo hivyo, na bado sijalisema.

Shati lake limelowa mgongo mzima. Alijaribu kuita, sauti haikutoka, pumzi yote iko kwenye jiwe. Mimi sauti ninayo. Nimeuza sokoni maisha yangu yote, naweza kuita mtu aliye ng'ambo ya barabara akageuka.

Nasambu anaita. "Mamaa!" Yuko karibu, nyuma ya ukuta wa pili. Nikiitika atakuja na wenzake, watanitoa wao, hakuna mkwe atakayenigusa, na Jumamosi wageni watakaa kwenye viti vyangu. Ni kuitika tu.

Jiwe limeshuka kidogo. Ameuambia ukuta hawezi tena, itabidi ageuke.

Nasambu ameita tena. Sasa anaita akilia.

Sijaitika.