Mahindi ya Kando ya Kaburi Lako

Baba,

Nimetoka Saboti leo, nimefika kwangu Bungoma na hasira ambayo hata chai haijaishusha. Sikuja kaburini kukulilia. Nilisimama tu nikakukasirikia.

Shamba lako limegeuka manjano. Tangu tulipokuzika Desemba, kaka Wafula hashauriki. Alichoma mabua yote, yale uliyokuwa ukiyalaza mistarini yaoze, chakula cha udongo kikapaa na moshi. Maharagwe amekataa kuyachanganya na mahindi. Ati ni kazi ya wanawake, ati mbolea ya gunia inatosha. Akaimwaga siku ya mvua kubwa. Yote ikateremka mtoni, na pale tulipokuwa tukichota maji pamejaa ukoga wa kijani, hata ng'ombe hawataki kunywa.

Unakumbuka ulivyong'oa mharagwe mbele yangu nikiwa darasa la tano? Ukapasua kifundo kimoja cha mzizi kwa ukucha, ndani kilikuwa chekundu. "Nasimiyu, hii kitu inakula hewa, halafu inaachia udongo chakula." Baadaye mwalimu wa sekondari akasema chakula hicho kinaitwa naitrojeni, nikacheka peke yangu, maana nilikuwa nimekijua kabla ya jina lake. Mimi ndiye uliyenionyesha. Halafu shamba ukampa Wafula, kwa kuwa msichana ni wa kuolewa. Hapo ndipo uliponiudhi, Baba, na ulikufa kabla sijakwambia. Wafula hajawahi kuinama kuangalia mzizi hata siku moja.

Mahindi yaliyonawiri ni ya kando ya kaburi lako tu. Wafula huwaleta majirani waone. "Si mnaona mzee ametubariki, bana!" Baraka gani? Pale ndipo walipofungwa ng'ombe wa matanga siku nne, wakakojoa, wakanya, na yeye akaogopa kupachoma moto. Nilimwambia hivyo mbele ya watu. Akaniambia nirudi kwa mume wangu.

Nimerudi. Lakini Agosti, wakati wa maharagwe ya pili, nakuja na mikebe miwili ya gorogoro iliyojaa mbegu. Nitapanda kuanzia kaburini kwako, mstari kwa mstari, mpaka kwenye mpaka wa jirani, apende asipende.

Lala, Baba. Hasira bado ninayo, na ninakupenda. Wafula akitaka, na ayang'oe yote. Angalau atakuwa ameinama, na mzizi utakuwa mkononi mwake.

Nasimiyu wako