Maji Niliyochota Juu ya Bomba

Nyumba ya tatu nyuma ya kiwanda cha mkate,
Jumapili, tarehe 9, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa Kaka,

Kabla ya yote nijulishe hali yako na ya wifi. Mgongo je, bado unakusumbua kwenye baridi ya huko? Na wanangu, wamemaliza mitihani salama? Sisi huku tu wazima, ukiacha goti langu, ambalo siku hizi lina maringo kuliko mwenyewe. Shangazi hajambo. Kasikia nakuandikia, akaniamuru nikuambie kuwa kwenye picha mliyotuma mmekonda wote, na hataki kusikia visingizio.

Paa la jikoni limeshawekwa. Fundi alituzungusha wee, leo kesho, leo kesho, mpaka Shangazi alipobeba kiti chake akaenda kukaa kibarazani kwa fundi kutwa nzima. Asubuhi yake tukamwona na ngazi. Sasa mvua ikinyesha tunapika bila mwavuli.

Haya, nije kwenye lile uliloniuliza. Ujumbe wako wa pili niliuona, wala sikunyamaza kwa dharau.

Uliniambia Shemeji anagombea umeya na amekuomba urekodi sauti yako waipitishe mitaani kwa kipaza sauti, maana nusu ya wapiga kura wa huku wewe ndiye uliyewafundisha kusoma. Ukasema hutatoa neno mpaka mimi, mpimaji wa maji, nikuhakikishie kama kweli aliusafisha mto katika miaka yake minane ya ukuu wa idara ya mazingira. Kaka, nilivimba kichwa. Nikadhani ni kazi ya siku moja.

Nilianza na mengine anayojisifia, watu wasije wakasema nambeba kwa sababu alimwoa marehemu dada yetu. Jalala la karibu na shule kalifunga kweli. Nimefika, pameota nyasi na watoto wanachezea mpira. Miti anasema alipanda mia tano kwenye barabara ya hospitali. Niliihesabu kwa mguu, iliyo hai ni mia tatu na kumi na mbili. Katia chumvi, lakini si haba, kivuli kipo na wagonjwa wanakaa chini yake wakisubiri zamu.

Ukabaki mto. Bango lake kubwa limeandikwa "Mto umepona", na chini yake kuna mchoro wa vipimo vya maji. Vipimo hivyo ni vyangu. Kila Jumatatu kwa miaka kumi na tisa nimechota chupa tatu, nikazipeleka maabara ya manispaa, nikajaza fomu, nikatia sahihi na mhuri. Basi nikayatoa madaftari yangu ya zamani kabatini, nikakaa nayo mezani.

Kuna kitu hakikunikaa sawa. Mto uliochafuka miaka hausafiki kwa wiki moja, lakini daftari langu linaonyesha Jumatatu moja maji ni machafu, Jumatatu inayofuata ni safi, na yakabaki safi mpaka leo. Nikaangalia tarehe.

Ilikuwa wiki ile mafuriko yalipobeba daraja la miguu kule chini, miaka saba iliyopita, nikateleza kwenye tope nikaumia goti. Tangu hapo nikawa nachotea kwenye daraja la magari, juu zaidi ya mto, kwa muda tu, mpaka la chini lijengwe. Halikujengwa. Fomu zilikuwa zimeshachapwa "Kituo cha Tatu", yaani lile daraja la chini, nami nikaendelea kujaza zilezile. Na baina ya madaraja hayo mawili ndipo bomba la kiwanda cha ngozi linapomwaga uchafu wake. Miaka saba, Kaka, nimepima maji kabla hayajachafuliwa.

Sikukusudia, naapa. Nilipazoea tu pale juu. Pana kivuli, gari la ofisi linafika, hutii mguu kwenye matope.

Nikashuka kwa fimbo mpaka mahali pa zamani, Jumatatu tatu mfululizo, ndiyo maana nimechelewa kukujibu. Maji yana rangi ya chai ya rangi iliyokolea, na harufu yake inakufuata mpaka nyumbani. Vipimo ni vilevile vya zamani, kimoja kibaya zaidi.

Huko chini nikamkuta mama mwenye bustani ya mboga. Alipoziona chupa zangu alicheka, akasema kumbe bado mpo. Zamani alikuwa akiandikia manispaa barua moja baada ya nyingine: watoto wanatokwa na vipele, mboga zinaungua majani. Kisha akaacha. Nikamuuliza kwa nini. Akaingia ndani akatoka na mfuko wa nailoni, ndani yake jibu la idara, limesainiwa na Shemeji, na nyuma imebanwa nakala ya fomu yangu.

"Nilipoona mpimaji mwenyewe kasema maji hayana neno," akaniambia, "nikasema labda ni mkono wa mtu. Nikaacha kuandika, tukaendelea kuyanywa."

Nililia, Kaka. Palepale, mtu mzima na chupa mkononi.

Nilimwendea Shemeji kwanza, kwa heshima ya dada. Sebule imejaa mabango yaliyoviringishwa, ikabidi aondoe mawili nipate pa kukaa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akajishika kichwa. Hakuwa anajua, na hilo naliamini. Ila akaniomba nimpe wiki tatu, kura zipite.

"Nikiwa meya nitaliziba lile bomba siku ya kwanza," akasema. "Nikianguka, Shemeji, nani ataliziba?"

Sitakuficha, maneno hayo yaliniingia. Mpinzani wake hajawahi kutamka neno mto. Nilirudi nyumbani nikayageuza siku mbili, hata Shangazi akaniuliza kama naumwa. Kilichonikwamisha ni kitu kidogo: katika miaka minane Shemeji hakuwahi kushuka ule mteremko, na katika saba mimi pia sikushuka. Na wiki tatu ni za watoto kunywa. Nikampigia simu nikamwambia sitaweza. Akasema dada yangu asingemfanyia hivi. Hilo liliniuma, linaniuma mpaka sasa.

Ijumaa wagombea walikutanishwa kwenye ukumbi wa shule. Zamu ya maswali ilipofika nikasimama, nikasema: "Vipimo vya kwenye lile bango ni vyangu, na nimeyachota maji mahali sipo. Chini ya bomba mto haujapona." Mmoja nyuma akauliza nimenunuliwa na nani. Shemeji hakunitazama. Akachukua kipaza sauti, akasema yeye anafuata vipimo vyenye mhuri wa manispaa, si maneno ya ukumbini.

Nilimweleza mwenyewe sebuleni kwake, Kaka, na bado akasema hivyo mbele za watu. Basi nadhani swali lako limejibiwa, na si mimi niliyelijibu.

Jana mkurugenzi wa manispaa kaniletea barua ya kunisimamisha kazi. Nimekabidhi ufunguo wa maabara na mhuri. Sinung'uniki, kosa ni langu.

Baadaye yule mama wa bustani akaja mpaka mlangoni. Hakuja kunipa pole. Alitaka nimwandikie barua nyingine, inayosema kweli, akawaonyeshe majirani zake. Nikaiandika kwa mkono, nikatia sahihi. Akaigeuza huku na huku akitafuta kitu.

"Ile ya kwanza ilikuwa na mhuri," akasema. "Hii nitawaambia nini?"

Nikamvutia kiti. Kaketi nami kidogo, akanywa chai, akaondoka na barua hivyohivyo.

Sasa mimi ndiye ninayekuomba ile sauti. Usiseme wamchague nani. Sema tu kwamba walioko chini ya bomba la kiwanda wasinywe maji ya mto wala wasiwape watoto, na hata kuyachemsha hakusaidii. Nitumie kwenye simu, nitapita nayo mwenyewe nyumba kwa nyumba, goti likitaka lisitake.

Msalimie wifi, umwambie kitambaa alichotuma kimeshakuwa pazia la Shangazi. Wanangu wabusu mmoja mmoja, hata huyo mkubwa anayejiona kapita umri. Shangazi anawaombea kwa Mungu afya, riziki na safari ya kurudi nyumbani.

Na katika hiyo sauti, Kaka, usinitaje. Wakikuuliza nani kakwambia, mtaje mama wa bustani. Yeye hajawahi kumwambia mtu kuwa maji ni salama.

Wako, mdogo wako akupendaye siku zote,
Mpimaji