Kadi Yenye Jina la Mama

Kwako Mwaura,

Hapa Nakuru tuko salama, na mahindi ya mama yameshika vizuri. Skrini ya kompyuta yake ilikuwa inaleta mistari tu, kwa hivyo jana nilienda kwa fundi Omolo kutafuta graphics card, ile kadi ya kuleta picha kwenye skrini.

"Madam, kama ni kuandika na kuangalia video, achana na zile kubwa za gemu," akaniambia. "Hii ya mtumba inakutosha."

Nikaigeuza. Imeandikwa "Mama Mwaura" kwa rangi nyekundu ya kucha! Unamjua mama, sufuria yake haiendi matangani bila jina. Hata hii aliiandika siku ulipofungua kompyuta ya marehemu baba kuipanguza vumbi.

Si ulituambia mafuriko ya Kihoto yaliingia kwako yakaibeba kompyuta hiyo na picha zote za baba zilizokuwa ndani? Omolo anasema ulimuuzia nzima, kavu kabisa, mwezi mmoja kabla ya mvua.

Nimeinunua, na jina hilo nimelikwangua kwa wembe kabla mama hajaiona. Niandikie mimi peke yangu: picha za baba ziko wapi?

Dada yako,
Mugure