Ubao wa Injini

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu za dhati. Natumaini barua hii imekukuta mzima, mgongo umeacha kukusumbua, na wapwa zangu wawili wanaendelea kukutoa jasho kama wasichana wenye afya wanavyotakiwa kufanya. Huku kwetu tupo, tunasukuma siku. Mimi kila asubuhi nakohoa vumbi la faiba kama trekta linalogoma kuwaka, halafu nikishakunywa chai nakuwa binadamu. Kazi ya matangi ya maji haijaisha na haitaisha leo wala kesho, maana mabomba yanazidi kukauka na kila mwenye nyumba anataka tangi lake.

Utashangaa kwa nini naandika badala ya kupiga simu. Nimepiga mara tatu mwezi huu. Mara zote tatu ulipopokea niliishia kukuuliza watoto wanasomaje, ukanijibu wanasoma vizuri, tukaagana. Karatasi ni afadhali, haina haja ya kujua mbona nimenyamaza.

Uliniuliza kama boti ya marehemu shemeji itengenezwe au ikatwekatwe, na ukasisitiza kwamba unataka jibu la fundi, si jibu la ndugu. Ulisema miaka mitano inatosha kwa chombo kukaa nyuma ya karakana yangu kikiotewa na nyasi huku watu wakikinyooshea kidole. Ulisema unataka irudi ziwani ivushe watu tena, ili wanao waone kwamba kitu cha baba yao si laana. Halafu ukaongeza neno ambalo sijalisahau tangu siku ile: kwamba ikitengenezwa, isiguswe na mkono mwingine wowote ila wangu, kwa sababu wengine wote hukuwaamini hata alipokuwa hai.

Basi nilianza kuikagua, dada, na nitakueleza kwa utaratibu.

Siku ya kwanza niliondoa lile turubai. Ndani nilikuta mji mzima wa nyigu, wakanipa makaribisho yao, nikakaa siku mbili jicho moja limefumba. Nilipopona nikachukua nyundo ndogo nikaanza kuigonga kwa mpini, shubiri kwa shubiri, kutoka mbele kwenda nyuma. Ndivyo tunavyoipima faiba sisi. Ikiwa nzima inakujibu kwa sauti kavu, ta, ta, ta. Ikiwa imeachana ndani, au imelowa, inajibu kwa uvivu kama mtu aliyeamshwa usingizini. Ubavu wa kulia ulijibu vizuri wote. Wa kushoto una mpasuko wa urefu wa mkono wangu, pale ilipogonga mawe wakati wa kuivuta ufukoni, lakini huo ni wa kukwangua, kupiga msasa na kuujaza upya. Sakafu imeoza nusu. Viti havifai. Rangi imekuwa unga, ukiipitishia kiganja kinatoka cheupe kama cha mwokaji.

Mama mkwe wako alikuja siku hiyo. Nilimwekea pipa tupu la resini, ile gundi yetu ya faiba, akakalia. Akawa anasikiliza ile milio. Kisha akaniambia kwamba kama ingekuwa uwezo wake, boti ile angeimwagia petroli siku ile ile ilipoletwa. Akasema mwanawe alikuwa mtu wa kuhesabu hatua tangu mdogo, akitumwa chumvi alikuwa anarudi na chenji imefungwa kwenye kitambaa, na kwamba yeye hajaamini hata siku moja kwamba mtu huyo alikufa kwa kukimbiza injini. Lakini, akasema, mama wa marehemu akimtetea mwanawe watu humwitikia kwa huruma tu, hakuna anayemsikiliza. Nilijifanya natafuta msasa.

Unakumbuka wakubwa wa gati walivyoandika. Kwamba injini ilikuwa kubwa kuliko boti, kwamba dereva aliivuta kwa mwendo usiofaa kwenye mawimbi, ikang'oka pamoja na kipande cha nyuma, maji yakaingia, boti ikapinduka mbali na ufuko. Walikuwamo wawili tu, shemeji na yule muuguzi aliyekuwa anavushwa kwenda zahanati ya ng'ambo, na hakuna aliyepona. Ikaonekana kesho yake, tumbo juu. Mimi ndiye niliyeivuta mpaka hapa. Mimi ndiye niliyeifunika turubai na kulifunga kwa kamba pande nne, na watu wakasema tazama jinsi anavyomheshimu shemeji yake.

Siku iliyofuata nikafika nyuma. Wewe umeipanda boti ile mara nyingi lakini hukuwa na sababu ya kujua imejengwaje, kwa hiyo nivumilie kidogo. Pale nyuma injini inapofungwa, faiba peke yake haitoshi. Kati ya ngozi mbili za faiba huwa kuna ubao wa plaiwudi, na bolti za injini hupita zote tatu. Injini ikisukuma, inausukuma ule ubao. Ukiwa mzima na umeshikana na faiba, utakaa miaka ishirini. Usiposhikana, kilichobaki ni maganda mawili na imani.

Nilikata kwa grinda pembeni ya pale palipochanika. Nikatia patasi, ngozi ya nje ikabanduka yenyewe kama plasta ya kidonda iliyolowa. Haikuwa imeshika. Nikaingiza mkono nikautoa ubao uliobaki, nao ukaja vipande vipande, mweusi, laini, unaukamua maji yanatoka. Kwenye kipande kimoja kulikuwa na namba za penseli, vipimo vya mahali pa kutoboa bolti. Saba niliyoiona ina mkia, dada. Wewe ndiye uliyenifundisha kuiandika hivyo nikiwa darasa la kwanza.

Sasa sina tena pa kuzungukia. Ubao ule niliuweka mimi.

Ilikuwa wiki mbili kabla ya ajali. Shemeji alikuwa amepata ile kazi ya kuvusha wauguzi, akanunua injini kubwa zaidi, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kuhesabu hatua, hakuifunga. Aliniletea boti kwanza ili nibadilishe ubao wa zamani. Wewe ulikuwa umekwenda kumuuguza Mama hospitalini, hukuliona hilo, na ulipoambiwa baadaye kwamba boti ilipita karakana ulidhani ni mambo ya rangi. Mimi sikukusahihisha.

Mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Unalijua paa langu. Plaiwudi niliyokuwa nimeikata nilikuwa nimeiegemeza ukutani mahali panapovuja, ikanywa maji kwenye kingo zote. Niliifuta, nikaianika pale jua lilipotoka, nikaipima kwa njia niliyofundishwa: unabandika kipande cha nailoni juu ya ubao, unaukalisha juani, unaangalia. Ubao mkavu hauna la kusema. Ubao wenye maji unaitoa jasho ile nailoni kwa ndani. Nilipoibandua ilikuwa imejaa matone. Shemeji alikuwa amesimama kando yangu. Akaniuliza yale matone maana yake nini, nikamwambia si kitu. Akanitazama, akaniambia kwa upole, kama alivyokuwa, kwamba yeye hana haraka, kazi inaanza mwezi ujao, afadhali tusubiri hata wiki moja ubao ukauke.

Mimi ndiye niliyekuwa na haraka. Wala si kwamba kulikuwa na mteja mwingine ananisubiri, Mungu anajua ningependa kuwa na sababu hiyo. Nilikuwa nimejigamba. Kule ng'ambo yuko fundi mzee wa boti ambaye ubao kama ule humchukua mwezi mzima, na mimi nilikuwa nimemcheka mbele ya vijana wote wa gati nikasema Ijumaa mtaiona boti hii majini. Nikaifuta ile nailoni kwa mkono wa shati. Nikamwambia shemeji kwamba ubao ule utabeba hata injini mbili. Alicheka akasema basi sawa, fundi ni wewe. Nikapaka resini juu ya ubao unaotoka maji, nikaweka mkeka wa nyuzi, nikapiga rangi, na Ijumaa watu wakaiona.

Habari ya ajali ilipofika nilijua kabla mtu hajamaliza sentensi. Naapa kwamba nilitaka kusema. Halafu watu wa gati wakaja na neno lao la mwendo, na neno lile likanifungulia mlango, nikapita, nikaufunga nyuma yangu. Nilijiambia marehemu hadhuriki tena. Nikajiambia nina mdomo mmoja na wapwa wawili wa kusaidia kusomesha, nikifungwa nani atasaidia. Mficha uchi hazai, na mimi nimeuficha miaka mitano mpaka nimezoea kutembea nao.

Lakini kuna jambo moja ambalo sikulizoea. Wiki ile baada ya mazishi uliamua kwenda kwa baba yake yule muuguzi kuomba radhi kwa niaba ya mumeo. Ulisema mwenye deni la damu hangoji kuitwa. Nilikusindikiza. Ulipiga magoti kwenye sakafu ya saruji ya yule mzee, ukasema mume wangu alikosa, alikimbiza chombo, tusameheni. Yule mzee alikuinamishia tu kichwa, nawe ukabaki chini vile. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yako, nimekushikia mkoba. Na tulipokuwa tunarudi uliniambia kwamba unamlilia mumeo na kumkasirikia kwa wakati mmoja, na hujui lipi lianze. Nikakuambia jipe moyo.

Umetaka jibu la fundi, nalo ni hili. Boti inatengenezeka. Ganda ni zima, mpasuko unazibika, sakafu na viti ni kazi ya wiki nne, ubao wa nyuma ni wa kuanza upya kwa plaiwudi iliyokauka kweli. Haina laana yoyote. Lakini hapo uliposema isiguswe na mkono mwingine ila wangu, naomba ulifute neno hilo. Juzi nilivuka kwenda kwa yule fundi mzee niliyemcheka, nikamweleza yote, yeye wa kwanza. Alinisikiliza, akaniuliza mvua ilinyesha siku ngapi, nikamwambia tatu, akatikisa kichwa. Amekubali kuja kuichukua ukitaka. Ukitaka ikatwekatwe, nitaikata mimi, hiyo kazi nadhani naiweza. Wewe ndiye mwenye kuamua, na usiangalie uso wangu unapoamua.

Jumamosi nakwenda kwa baba yake yule muuguzi. Nitapiga magoti pale pale ulipopiga wewe, na ule ubao wenye namba zangu nitakwenda nao. Kutoka hapo nitapita gatini kwa wale wakubwa, waandike upya walichoandika. Watakachonifanya watanifanya. Usije kunisindikiza, dada, tafadhali.

Mama mkwe wako nimemwambia jana mchana. Nilidhani atanipiga, nikasogea karibu ili asihangaike kunifikia. Hakunipiga, wala hakulia. Aliniomba nirudie pale mwanawe aliposema tusubiri wiki moja. Nikarudia. Akaniambia nirudie tena. Nikarudia neno kwa neno, yeye hana haraka, kazi inaanza mwezi ujao, afadhali tusubiri. Mara ya tatu akawa anayatamka pamoja nami, taratibu, kama mtu anayekariri. Kisha akainuka akaenda zake bila kuniaga.

Sina mengi zaidi. Sikuombi unisamehe kwa barua, hilo lingekuwa jepesi mno kwangu, na hata usiponijibu nitaelewa. Mama anakusalimu, bado hajui, nitamwambia Ijumaa nikiwa bado niko nje. Majirani wa karakana nao wanakusalimu. Wewe nisalimie wapwa zangu, na kabla hujawaambia lolote kuhusu mjomba wao, waambie kwanza kwamba baba yao hakuwa na haraka.

Ni mimi mdogo wako,
fundi wa matangi